Tone Linalorudi Juu

3 Februari

Kwa Dada Mkubwa, mtoro wa nyumbani,

Shikamoo. Nakupa nusu kwanza, nusu nyingine utaipata ukijibu vizuri. Huku wote wazima. Mama kifua kimemwachia, na cherehani yake imepata mkanda mpya, siku hizi inaimba badala ya kukohoa. Paka wako amezaa watatu ndani ya boksi la nyaya zangu. Nimehama mimi, yeye kabaki. Kinyozi wa mlango wa pili anakusalimu, anauliza kama huko uliko kuna wanaume wenye nywele au wote zimewatoka kwa mawazo.

Salamu zimekwisha. Sasa kaa vizuri nikupashe.

Simu zangu hupokei. Nimepiga mpaka Mama kachoka kunisikia nikifoka, katoa ile sheria yake ya tangu tukiwa wadogo: mkigombana, andikeni, sitaki kelele mbele ya wateja wangu. Nimemwambia mimi si mtoto, nimeshaota ndevu saba. Akanisogezea kalamu. Kwa hiyo ukiona mahali wino umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka, ujue pale ningepiga kelele.

Kompyuta uliyoniachia imekuwa pumbavu. Tangu uondoke, nikifungua programu ya efekti, ile ya kutia mvua za bandia kwenye video, nikaweka mvua juu ya ile klipu ya Mama akianua nguo, inacheza sekunde mbili halafu inaniandikia: kumbukumbu haitoshi. Haitoshi vipi, na mwaka mzima ilitosha? Nimeingia kwenye mipangilio nikaipa programu kumbukumbu yote, hakuna kubakiza. Mashine ikaganda kama mbuzi katikati ya barabara. Nikaizima, nikaiwasha, ikaganda tena. Na Mama akichomeka pasi, ndiyo tunaagana kabisa.

Wewe ndiye uliyeniahidi. Mguu mmoja ukiwa nje ya mlango ulisema, "Kiberiti, nitumie mvua yako kabla Machi haijaisha, nitamwonyesha mkubwa wangu, kuna kiti kitakuwa wazi kwenye chumba cha efekti." Hicho kiti ni changu. Shule niliiacha kidato cha pili (wao wanasema nilifukuzwa, wana lugha yao). Cheti sina. Nina mvua. Hakuna mtu mtaa huu wala wa pili anayeweza kunyesha kama mimi.

Niambie nifanye nini. Haraka.

Mdogo wako, fundi mkuu,
Kiberiti


19 Februari

Mdogo wangu Kiberiti,

Marahaba. Hiyo nusu inanitosha, wewe kutoa hata robo ni maajabu. Mwambie Mama nimepata chumba, dirisha linatazama ukuta, lakini ni ukuta msafi. Asijisumbue kunitumia shuka. Paka usimguse.

Kazini tupo kumi na moja. Mimi bado niko kwenye miezi ya majaribio, nafuta nywele zilizoangukia nyuso za watu kwenye video, picha moja moja, fremu baada ya fremu. Simu tunaziacha kwenye kabati la mapokezi, usidhani nakukimbia.

Sasa nisikilize, bila kuruka ukurasa. Usiipe programu kumbukumbu yote. Nilikwambia mara ngapi? Mashine yenyewe inahitaji pa kupumulia, ukiinyang'anya kila kitu inazima na kila kitu. Nenda kwenye mipangilio: kati ya zile giga nane, programu ipe sita, mbili ziache kwa ajili ya mashine. Picha ya kuangalizia ipunguze iwe robo. Halafu iagize programu ijisafishe kumbukumbu kila baada ya fremu kadhaa. Itakwenda polepole, lakini itakwenda.

Na kifuniko cha kompyuta usikifungue. Vumbi likiingia utaiua.

Ahadi yangu iko palepale. Tuma hiyo mvua.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Shikamoo leo sina, zimeisha dukani. Mama mzima. Paka mzima. Mimi tu ndiye mgonjwa, naumwa na wewe.

Giga nane? Nani kakwambia nane? Mashine hii ina kumi na sita. Vipande viwili vya kumbukumbu, yaani RAM, nane na nane, ulivichomeka mwenyewe na mimi nimekushikia tochi. Kwenye barua yangu niliandika "kumbukumbu yote," sikutaja namba. Umeitoa wapi nane, umeota?

Halafu ukanikataza kufungua kifuniko. Dada, umenilea, unajua ukinikataza kitu nafanya nini. Nimefungua. Vumbi ndani nene kama blanketi, isipokuwa tundu moja la RAM, safi, linang'aa kama sahani iliyorambwa. Kipande kimoja kimeondoka. Paka hali RAM, nimemchunguza.

Umenichomolea nusu ya kichwa cha mashine, ukanibusu, ukasema kazi njema. Halafu unanifundisha namna ya kugawa nusu iliyobaki! Kama ningekuwa na sauti kwenye karatasi hii, ungeziba masikio.

Lakini mimi ni mimi. Mvua nimeimaliza, iko kwenye flashi niliyoifunga ndani ya bahasha hii. Na ngoja nikueleze nilivyofanya, maana huko kwenu kumi na moja wote mkikaa duara hamwezi. Niliigawa sita na mbili kama ulivyosema. Nikarenda, nikaiacha mashine ipike video yote huku nikimsaidia Mama kukata vitambaa. Niliporudi, nikakuta kila mvua inapozidi, mashine imeshindwa, imeruka fremu tatu, pengo jeusi. Mtu mwingine angelia. Mimi nikachukua fremu ya kabla ya pengo, nikairudia mara tatu, nikaziba. Nikaicheza. Dada! Mvua inanyesha, inanyesha, inazidi, halafu inashika pumzi. Matone yote yanasimama hewani kidogo tu, kisha yanaachiwa. Kinyozi kaangalia, kaacha mteja na povu kidevuni, kasema mwili umemsisimka.

Kuna pengo moja nilikosea, nikabandika kipande cha fremu ya nyuma zaidi. Hapo utaona tone moja karibu na mpini wa ndoo linarudi juu kama kidole kimoja, halafu ndiyo linaanguka. Nimeliacha. Hiyo ni sahihi yangu.

Mpe mkubwa wako. Mwambie ni ya nani. Na RAM yangu irudi.

Kiberiti


25 Machi

Kiberiti,

Hamjambo? Mama anasemaje kuhusu macho, bado anaomba mtu amtungie uzi kwenye sindano? Mtungie kabla hajakuomba. Mimi mzima, ila koo.

Ni kweli, kipande cha RAM nilikichukua. Kompyuta yangu ilikuwa haiwezi, na majaribio ya kazi yalikuwa yanaanza wiki ile ile. Nilitaka kukwambia, gari likaondoka. Nitakirudisha.

Flashi imefika. Mkubwa ameiona. Amesema ataangalia. Mambo ya hapa hayaendi haraka, kuwa mpole.

Halafu nataka kukuuliza, kwa kujua tu: yale mapengo yalikuwa yanakuja kila baada ya fremu ngapi? Ishirini? Nimehesabu, naona hayalingani. Na mvua yenyewe uliipa matone mangapi?

Msalimie kinyozi.

Dada yako


14 Aprili

Dada,

Mama hajambo, sindano namtungia, wewe ulikuwa umewahi kumtungia lini?

"Ameiona. Ataangalia." Aliyeona anaangalia nini tena? Na kiti je? Barua nzima kiti hukukitaja, ila matone yangu umeyahesabu. Mtu wa kujua tu hahesabu fremu.

Nauliza jambo moja, ujibu jambo moja: ulimwambia ni mvua ya nani?

Kiberiti

(Hii ni fupi kwa sababu Mama ananiangalia ninavyoandika na amesema nisitoboe meza.)


17 Mei

Wewe,

Wiki ya tano hii hujajibu. Nimekujibia mwenyewe.

Jana nilikwenda kwa kinyozi kupunguza pembeni. Televisheni yake iko juu ya kioo, inaongea siku nzima, hakuna anayeisikiliza. Likaja tangazo la mabati. Nyumba, bati jipya, mvua inashuka. Mvua inazidi. Mvua inashika pumzi. Nikamwambia kinyozi ondoa mashine kichwani kwangu. Akasema, "Bado upande mmoja, bwana mdogo." Nikasema ondoa!

Tangazo likarudi baada ya taarifa. Nikapanda kiti nikasogeza pua kwenye skrini. Nyumba ni ya kwao, bati ni lao, Mama na nguo zake wamefutwa. Lakini kulia, chini kidogo ya katikati, pale palipokuwa na mpini wa ndoo yetu, tone moja likarudi juu kidole kimoja, halafu likaanguka.

Kinyozi akasema, "Ile si mvua yako?" Mbele ya watu wanne. Nilimjibu nini? Nilimwambia eti, mvua zote zinafanana. Mimi! Nimejikana mwenyewe kwenye duka la kunyolea, nusu ya kichwa nywele, nusu upara, kwa sababu nilishindwa kusema kwa sauti kwamba dada yangu ni mwizi.

Nasema sasa. Dada yangu ni mwizi. Kwanza RAM, halafu mvua, na kiti nadhani umekikalia wewe. Umekikalia? Kinazunguka? Ukizungushwa unajisikiaje?

Mama sijamwambia. Kaliona tangazo kwa jirani, karudi anasema, "Mvua nzuri kama yako." Nimetoka nje nimepiga teke boksi. Boksi lilikuwa tupu, paka alikuwa ameshahamisha wanawe. Kidole gumba kimevimba. Hicho nacho ni juu yako.

Jina siandiki. Unajua mvua yangu, utanijua.


2 Juni

Kiberiti,

Natumaini kidole kimepona. Kamwonyeshe mganga wa zahanati, usikikande kwa maji ya moto tu.

Nitaandika yote mara moja. Mvua yako niliifungua kwenye kompyuta ya kazini niione kabla ya kuipeleka kwa mkubwa. Akapita nyuma yangu, akasimama, akasema, "Hii umeifanya wewe?" Miezi yangu ya majaribio ilikuwa inakwisha Ijumaa ile. Wawili walikuwa wameshaambiwa wasirudi. Nilifungua mdomo nimwambie. Kabla sijatamka, alikuwa ameshawaita wenzake: "Njooni muone alichofanya huyu." Nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nilipewa kiti cha chumba cha efekti. Ndiyo, kinazunguka.

Sasa na mimi nina hasira, usidhani ni mali yako peke yako. Nani alikufundisha kushika hiyo programu? Nani alikaa na wewe miezi miwili wakati hujui hata folda ni nini, unahifadhi faili kwa jina la "hii hapa" na "hii hapa kweli"? Mimi nilimaliza shule nikashinda nyumbani nikitia vifungo kwenye mashati ya wateja wa Mama, wewe ulifukuzwa ukapewa kompyuta uchezee. Hakuna aliyewahi kusimama nyuma yangu akaita watu. Siku moja tu, Kiberiti. Siku moja, na ilikuwa kwa kazi yako.

Mwenye mabati anataka tangazo la pili, refu zaidi, lenye mvua ile ile inayoshika pumzi. Nimejaribu wiki mbili. Mashine ya hapa ina giga sitini na nne, mvua inateremka laini kama mafuta. Nikizirudia fremu kwa mkono inaonekana kama televisheni mbovu. Mkubwa ameanza kuniangalia vibaya. Naomba mipangilio yako. Nikimaliza hili nitamwambia ukweli wote, naapa.

Dada yako


9 Juni

Dada,

Umenikasirikia kama mtu mzima kwa hiyo nakujibu kama mtu mzima: sikupi.

Unalia eti mvua haisimami. Itasimama wapi, na mashine imeshiba? Sitini na nne! Hiyo ni mashine au ghala? Mvua yangu inashika pumzi kwa sababu ilipikwa kwa njaa. Mvua ikizidi, matone yanakuwa mengi, kumbukumbu inajaa, mashine inachoka hapo hapo, pale mvua ilipo kali. Ndiyo maana mapengo hayalingani, msomi wewe! Unahesabu ishirini, ishirini, kama mtu anayepiga ngoma bila kusikia wimbo. Mashine ndiyo inayojua wapi pa kusimama. Ungeibana programu yako kwa giga sita tu, ukaizuia isijisafishe mpaka fremu ya kumi na sita, ukamwaga matone elfu arobaini, ungeona. Na hiyo njaa ni nani aliileta? Ni wewe, kwa mkono wako, siku uliyochomoa RAM yangu ukaondoka. Umeniibia kipande, kutokuwepo kwa kipande kukazaa mvua, ukaiiba na mvua. Angalau mwizi wa kawaida anachagua.

Sasa nimesoma tena hapo juu naona nimeropoka mipangilio yote. Mdomo wangu hauna breki hata kwenye kalamu. Ningechana barua hii lakini karatasi imebaki moja na Mama ameshika bahasha anasubiri kwenda posta. Basi chukua. Chukua na hiyo. Kaa kwenye kiti uzunguke mpaka utapike.

Kuhusu vifungo: nilikuwa najua. Nilikuwa nakuona. Nilidhani ukinifundisha unafurahi.

Kiberiti


30 Juni

Kiberiti,

Hamjambo nyumbani? Mimi mzima.

Mipangilio yako imekubali. Niliibana mashine giga sita kama ulivyoropoka, nikamwaga matone elfu arobaini, nikarenda asubuhi yote. Mvua ilizidi, ikashika pumzi, ikaachia. Hakuna ambaye angejua. Mkubwa akaja akasimama nyuma yangu, safari hii na mwenye mabati mwenyewe, wakapiga makofi. Chumba kizima kikapiga makofi.

Nikaigeuza skrini, nikafungua klipu ya kwanza, nikaisimamisha kwenye tone linalorudi juu. Nikawaambia, "Hili ni kosa la mdogo wangu. Alibandika fremu ya nyuma. Mimi nisingekosea hivyo, kwa sababu mimi nisingeweza kuifanya hii mvua." Nikawasomea barua yako, ile ya njaa. Sehemu ya kutapika niliiruka.

Mkubwa hakunipigia kelele, ningependa angepiga. Alisema niinuke kwenye kiti. Nimerudishwa mapokezi, natunza kabati la simu. Wenzangu wanaweka simu bila kuniangalia. Wewe unatakiwa hapa Jumatatu tarehe 20 Julai, ukae chini uwaonyeshe. Cheti hawakuuliza.

RAM yako iko ndani ya kitambaa hiki. Kitambaa ni cha Mama, kile cha maua, nilikichukua pia.

Sikuombi kitu.

Dada


8 Julai

Dada,

Mama hajambo. Nilimsomea barua yako mwanzo mpaka mwisho, amechukua kile kitambaa cha maua amekinusa, akasema, "Kumbe kilikuwa kwake." Kisha akaendelea kushona. Ananishonea begi, kamba mbili, mfuko wa siri. Kinyozi amenimalizia upande wa pili, amekataa malipo, amesema atawaambia wateja wote kuwa kichwa hiki kilipita mikononi mwake.

RAM nimeichomeka. Giga kumi na sita, mashine inakimbia, mvua laini kama mafuta. Haina maana kabisa. Nimeichomoa, nimeitia kwenye kitambaa. Nakuja nayo, nitakuachia wewe, ile kompyuta yako ina shida kuliko mimi.

Usidhani nimesamehe. Ulisema mwenyewe mpaka ukainuliwa kwenye kiti, nimekusikia. Lakini ulishakikalia miezi mitatu, na huko kwa kinyozi mimi ndiye niliyejikana mbele ya watu wanne. Hilo halina kitufe cha kurudisha nyuma, nimelitafuta. Usije kunipokea stendi. Tarehe 20 nitaingia mlangoni kama mtu mwingine yeyote, nitakukabidhi simu yangu bila salamu, uiweke kwenye kabati, unipe namba. Watu wakicheka, usicheke.

Chumba sina, kwa hiyo nitalala kwako, pale mbele ya ukuta wako msafi. Nitakuwa nimenuna. Chai nitakunywa lakini nitakunywa nimenuna.

Kichwa changu kina giga nane tu, unajua, nyingine ulizichukua. Sita nimezipa hasira, na zimejaa. Mbili nimeziacha. Si zako, usijisifu. Ni za mashine, isizime.

Shikamoo, ile nusu iliyokuwa imebaki.

Kiberiti